Valvu Inayolia Haijaungua

Masaka, Kigali
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwako Baba mdogo Eustache,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini karatasi hii imekukuta mzima na magoti yamekupumzisha kidogo. Sisi tupo. Mama, shemeji yako Gahongayire, anakusalimu. Maharage yake ya nyuma ya nyumba yameliwa na mbuzi wa jirani, na bado hajamaliza kulieleza jambo hilo. Huku Masaka nyumba mpya zinaota kila upande, mashamba yanapungua, na pikipiki zinapita hadi mlangoni.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mara ya mwisho ulipiga kelele "haloo" hadi salio langu likaisha, na hukusikia hata neno moja. Miaka yote ya kunyoosha mabati kwa nyundo imekula masikio yako, lakini macho imekuachia. Barua anakuletea Kaliza, yule mama wa vitenge. Tangu mpaka wetu na wenu ufungwe, anazunguka Tanzania kupitia Rusumo na Kobero, kwa hiyo usishangae ikifika imechakaa.

Sasa jambo lenyewe. Baba ametoka hospitali. Moyo wake umechoka. Daktari alituita kando mimi na Mama akasema dawa zitampunguzia shida ya kupumua, lakini nguvu hazitamrudishia, na kwamba tusipange mambo ya mbali.

Alipopata nafuu kidogo aliomba kiti nje, akalitazama lile banda la mabati nyuma ya jiko, ambamo Peugeot 404 yenu ya Buyenzi imelala tangu nikiwa sijaolewa. Akasema, "Vestine, mgonjwa mwenzangu yumo mle. Mmoja wetu akipona, inatosha." Kisha akanieleza anachotaka. Gari liwake. Mimi niendeshe, yeye akae kando yangu hadi Rusumo, na wewe uje na Kaliza upande wa pili wa daraja, mkutane. Anasema hamjaonana tangu mlipomzika mkeo, na simu kati ya kiziwi na mtu asiye na pumzi ni upuuzi mtupu.

Wewe unajua kazi yangu: natunza stoo ya ofisi moja Kiyovu. Kupanga vitu najua, kuvitengeneza sijui. Nina Jumamosi zangu, zile za umuganda, kazi za pamoja za mtaa, naanza mchana. Nina sanduku lake la spana. Nina yeye mwenyewe, ila akisema sentensi mbili inabidi apumzike. Nimeshanunua betri mpya na wiki ijayo nataka nijaribu ufunguo. Baba anasema nikuulize kwanza, si kwa kuwa unajua kuliko yeye, bali kwa kuwa unapenda kuulizwa.

Mwanao,
Vestine


Buyenzi, Bujumbura
3 Machi 2025

Mwanangu Vestine,

Barua yako imefika ikinuka vitenge vipya. Nimefurahi, halafu nimekaa nayo muda mrefu. Mimi ni mzima. Mvua imekuwa nyingi, paa langu linavuja mahali palepale, na mimi niliyeziba matundu ya magari ya mji mzima siwezi kupanda ngazi kuziba la kwangu. Watoto wa jirani wananiletea maji. Mwambie shemeji Gahongayire kwamba mbuzi analiwa kwa maharage, ni haki yake.

Ufunguo usiuguse! Naomba Mungu uwe hujaugusa. Injini iliyolala miaka mingi, pistoni zake zimeshikana na silinda kwa kutu. Ukiilazimisha kwa betri unavunja pete za pistoni, na hapo utakuwa umeua kitu kilichokuwa kimelala tu.

Fanya hivi. Toa plagi zote nne. Katika gari hilo zimezama ndani, kwa hiyo puliza vumbi kwanza lisije likaangukia humo. Changanya dizeli na oili safi ya injini, nusu kwa nusu, mimina vijiko vichache katika kila tundu, funika na vitambaa, uende zako. Wiki moja. Rudi uongeze. Usiwe na haraka. Kutu haiogopi nguvu, inaogopa subira. Kisha chukua ile hendeli ndefu iliyo chini ya kiti cha nyuma, iingize mbele kupitia bampa, na ujaribu kuzungusha kwa mkono. Nasema kwa mkono, maana mkono unasikia pale chuma kinapokataa, na betri haisikii. Ikisogea hata kidogo, rudisha nyuma, peleka mbele, kama mtu anayembembeleza mtoto. Ikizunguka mzunguko mzima bila kukwama, umepona.

Jambo lingine ni boliti. Kila ukitoa kifaa, boliti zake zirudishe palepale kwenye matundu yake na uzikaze kidogo kwa vidole. Wale wanaojaza boliti zote kwenye ndoo moja ndio wanaouza gari vipandevipande.

Mwisho kabisa, siku ukifikia valvu. Kuna nafasi ndogo kati ya valvu na kidole kinachoisukuma, na inapimwa kwa fila, vile vibati vyembamba vyenye namba. Za kuingiza hewa weka kumi, za kutoa moshi weka ishirini na tano, injini ikiwa baridi. Ndivyo kitabu kinavyosema. Baba yako atakupa namba zake nyingine. Usimsikilize. Tuligombana juu ya namba hizo pale gereji yetu mpaka wateja wakawa wanauliza mlangoni, "Leo gari langu linapimwa na mkubwa au na mdogo?"

Mwambie mkubwa wangu nitakuja Rusumo. Karatasi niliyonayo inanifikisha Tanzania tu, haivuki daraja, lakini hadi hapo nitafika hata nikibebwa kama furushi la Kaliza. Mwambie aendelee kupumua. Ni kazi rahisi, hata yeye anaiweza.

Baba yako mdogo,
Eustache


Masaka
Jumapili, 23 Machi 2025

Kwako Baba mdogo,

Tunakusalimu sote, mmoja mmoja. Mama ameifurahia hukumu yako juu ya mbuzi, ila mwenye mbuzi ni mwenyekiti wa kwaya, kwa hiyo tumeiacha.

Ufunguo sikuugusa. Nilipoutafuta Jumamosi ile sikuuona, na kumbe Baba alikuwa ameukalia. Aliukalia hadi barua yako ilipofika, ndipo akautoa na kusema, "Sasa unaweza kuupata, maana hutautumia." Nimefanya kila kitu ulivyoagiza. Wiki ya kwanza hendeli ilikuwa kama imechomelewa. Wiki ya pili pia. Jana, mchana, ikasogea upana wa kidole. Nilipiga kelele Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Baba aliweka kiganja juu ya madigadi akakiacha hapo.

Sakafu ni mbovu. Nilifanya kama Baba alivyonionyesha: kugonga kwa mpini wa bisibisi, mahali pazima pakilia, pabovu pakinyamaza. Upande wa abiria karibu wote umenyamaza. Fundi wa kuchomelea, Gatera, atakuja kutoka Kinyinya na mashine yake. Nimetoa kiti cha abiria ili apate nafasi, nikakiweka chini kwenye saruji ya banda, na sasa Baba amekihamia. Anasema ni kiti pekee hapa nyumbani kinachoujua mgongo wake. Anakaa hapo kutwa, blanketi magotini, akinitazama kazini. Akinyamaza sana namwita, ananijibu, "Nipo, fanya kazi."

Anakujibu hivi kuhusu valvu, na ameniamuru niandike kama alivyosema:

"Mwambie mdogo wangu kitabu chake kimeandikwa na mtu wa tambarare. Huku ni milima. Gari linapanda, linachemka, chuma kinarefuka, nafasi inakwisha, valvu haifungi tena, inaungua. Kumi na tano na thelathini. Itapiga kelele kidogo, na ipige. Valvu inayolia haijaungua. Iliyonyamaza ndiyo ya kuogopwa. Na mwambie tangu alipozaliwa sijamwona akiwa sahihi, lakini sijakata tamaa."

Ilimchukua muda kuyasema yote hayo. Alicheka mwishoni, kicheko kikageuka kikohozi, Mama akaniangalia kama mimi ndiye niliyemchekesha. Usiku analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Miguu imeanza kuvimba. Anauliza kila asubuhi leo ni tarehe gani, na mimi najua anahesabu nini.

Niambie kuhusu tanki na breki.

Mwanao,
Vestine


Buyenzi
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mwanangu,

Pasaka njema, ingawa itakuwa imechacha ikifika kwako. Kaliza alikwama Kobero na mizigo yake, barua yako ikakwama naye. Najua pia wiki hizi za Aprili huko kwenu, za kuwakumbuka waliouawa, si wiki za kupigapiga nyundo. Nimewakumbuka walio wetu. Nimewasha mshumaa.

Breki kwanza, kwa sababu gari lisilowaka halijawahi kumwua mtu. Raba zote za breki, za mbele na nyuma, badilisha, hata zinazoonekana nzima. Raba ya zamani inakudanganya: uwanjani inashika vizuri, kisha kwenye mteremko wa kwanza inapasuka. Mirija ya raba vilevile. Mafuta ya zamani yatoe yote hadi yatoke masafi.

Tanki litoe kabla Gatera hajawasha mashine yake, na betri iwe imetolewa. Usikubali neno "haina shida, mama." Petroli ya zamani ukiimwaga itanuka kama vanishi. Weka ndani konzi ya kokoto safi na mafuta ya taa, tikisa hadi mikono ichoke, suuza, rudia. Na Gatera akate kutu yote mpaka afike kwenye bati zima. Akikuambia apake kwanza filla, ile pasta ya kuziba bati, juu yake, mwonyeshe geti. Kutu iliyofunikwa inaendelea kula gizani, kama donda lililofungwa bila kuoshwa.

Kiti cha abiria kikirudi, hakikisha boliti zake zimeshika bati jipya. Unajua nani atakaa hapo.

Mwambie mkubwa wangu hivi: gari linalolia kama cherehani ni aibu ya fundi. Wateja wake walikuwa wakija kwangu jioni, kwa siri, niwanyamazishie valvu. Kumi na ishirini na tano. Aniletee Rusumo gari linalolia nami nitalisikia, hata mimi kiziwi. Mafundi wa zamani tuna njia zetu.

Mwambie pia, Vestine, lakini umwambie polepole, kwamba nimeiona ile habari ya miguu. Mvua zikiisha barabara itakuwa kavu. Mwambie Julai. Mwambie asiniudhi.

Eustache


Masaka
Jumapili, 29 Juni 2025

Kwako Baba mdogo Eustache,

Salamu kutoka nyumbani. Tunaendelea. Mama anakusalimu. Samahani kwa kuchelewa kukujibu. Tulikuwa na wageni wengi, kisha nikawa na uchovu, kisha kazini ikawa mwisho wa nusu mwaka na hesabu ya stoo.

Kiangazi kimeshika, vumbi ni jingi.

Breki zimekwisha, raba zote mpya. Gatera alikata sakafu hadi kwenye bati zima, akachomelea, nikapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili juu na chini. Tanki limeoshwa. Kabureta nililifungua juu ya shuka jeupe kama ulivyokuwa ukifanya zamani, ili kisiruke kitu kikapotea. Platini, zile ncha za kukata cheche, nilizisugua kwa msasa laini. Kiti cha abiria nimekirudisha, boliti zimeshika.

Injini imewaka Jumamosi ya wiki iliyopita. Moshi wa bluu ulijaa banda zima, kisha ukapungua, kisha ukaisha. Mama alitoka, akasikiliza, akarudi ndani.

Kuhusu valvu, Baba anasema uko sahihi. Nimeweka kumi na ishirini na tano.

Bado kukaguliwa na bima. Nadhani Agosti nitaweza kufika Rusumo. Nijulishe siku inayokufaa.

Mwanao,
Vestine


Buyenzi
27 Julai 2025

Mwanangu Vestine,

Barua yako nimeipata kutoka mkononi mwa Kaliza. Nilimkaribisha chai. Alisema ana haraka, akaniangalia, kisha akainywa yote bila kusema kitu. Ni mama mwenye adabu.

Umefanya kazi ya fundi. Nakuambia hivyo na sina desturi ya kuwaambia watu.

Umeandika kwamba kaka yangu anasema niko sahihi. Nimesoma. Nimeiweka barua mezani, nimezunguka uwanja, nimerudi nimesoma tena. Sawa.

Tukutane Jumamosi, tarehe 23 Agosti, upande wa Tanzania, pale malori yanapoegeshwa. Kaliza atanifikisha. Njiani fanya hivi. Ondoka alfajiri, kabla ya jua. Pima maji ya redieta na oili kabla ya kutoka, na tena Kayonza. Baada ya Kibungo kuna milima. Panda kwa gia ndogo, usiisukume. Kwenye mteremko pia tumia gia, breki usizikalie. Ukihisi injini inapungua nguvu au inakosa silinda moja, usihangaike nayo barabarani, njoo nayo hivyohivyo polepole. Fila na spana za valvu uwe nazo.

Lete pia jagi la maji safi na beseni. Si kwa redieta.

Kuna habari ambazo haziletwi na karatasi, Vestine. Wazee wetu hawakumbika mtu, yaani kutangaza msiba wake, kwa mtu aliye peke yake chumbani, amesimama, na kikombe mkononi. Mtu anaketishwa kwanza, na anayemwambia anakaa naye. Mimi sijaambiwa kitu chochote. Msalimu Mama yako; salamu za mtu mwingine sijaziweka katika barua hii, na wewe umeona. Njoo na gari, nitakaa ndani yake, ndipo utaniambia.

Eustache


Masaka
Jumapili, 31 Agosti 2025

Kwako Baba mdogo mpendwa,

Natumaini ulifika salama na Kaliza hakukupanga chini ya mizigo. Mama anakusalimu na kukushukuru kwa ile kanga. Ameifunga kichwani tangu asubuhi. Tulikwenda misa pamoja kwa gari, na mwenyekiti wa kwaya akaomba lifti kurudi. Mama alimwambia kiti cha nyuma kina nafasi, mradi asije na mbuzi.

Uliniomba nikuandikie yote niliyokuambia pale Rusumo, kwa sababu nilikuwa nalia na malori yalikuwa yanapita na hukushika hata nusu yake. Ulisema sasa umeshaambiwa na mtu, kwa hiyo karatasi inaruhusiwa. Naandika.

Baba alifariki Jumamosi, tarehe 17 Mei, mchana. Asubuhi alikunywa uji vizuri. Gatera alikuwa amemaliza sakafu, na mimi nilikuwa nimefungua kifuniko cha valvu kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa kwenye kile kiti, pale chini kwenye saruji, blanketi magotini. Barua yako ya Pasaka nilikuwa nimemsomea siku mbili kabla, na pale kwenye wateja wa kuja jioni kwa siri alisema, "Mwongo huyo, walikuwa wawili tu." Nilipofika kwenye valvu ya kwanza nikamwuliza, "Baba, kumi au kumi na tano?" Hakunijibu. Nilidhani amenuna kwa sababu nimeuliza jambo aliloshalijibu. Nikasema kwa mzaha, "Basi nafuata ya Eustache, kumi." Hakukataa. Nikapima zote nane kwa namba zako, nikiongea naye peke yangu, na muda wote huo nilikuwa namwona kwa pembe ya jicho akiwa ameinamisha kichwa kama anavyolala. Nilipofunga kifuniko ndipo nikamwita. Hakusema "Nipo."

Daktari alisema haikumwumiza. Nimeamua kumwamini.

Tulimzika Rusororo siku ya Jumatatu. Watu walikuja wengi, hata wa Buyenzi ya zamani ambao sikujua wako Kigali. Baada ya mazishi tulinawa mikono, kila aliyekuja alimiminiwa maji, na mimi nilipokuwa namiminia nilikuwa nawaza mikono yako. Ikiriyo, yaani matanga, kilikaa wiki nzima. Nilianza kukuandikia mara kadhaa. Kalamu iliandika "Baba" ikasimama. Kaliza nilimwomba akuambie, akakataa: alisema hawezi kumbika mtu kwa nduguye kisha akimbilie basi. Alisema ni mimi niende, au nikae kimya mpaka nitakapoweza. Nikakaa kimya. Na katika barua ya Juni, nilipofika mahali pa valvu, ambapo siku zote kulikuwa na maneno yake, sikuweza kupaacha wazi. Nikakumbuka kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza hakukupinga, nikaandika anasema uko sahihi.

Pale Rusumo ulikaa kitini mwake, ukaufunga mlango mwenyewe, ukasema, "Haya, mwanangu, sasa niambie." Nilikuambia. Ulitikisa kichwa taratibu, ukasema, "Nilijua. Mkubwa wangu miaka yote hajawahi kusema niko sahihi. Nilipoisoma nilijua hayupo." Kisha ukanyoosha mikono nje ya dirisha nikakumiminia maji.

Nilikuwa nimekuambia pia kwamba gari lilipungua nguvu baada ya Kibungo, na lilipofika likawa linatetemeka likisimama. Uliposhuka, ukaweka ncha ya bisibisi juu ya kifuniko cha valvu na mpini ukauma kwa meno, macho umefumba, ukisikiliza kwa mifupa, dereva mmoja wa lori alisimama kukuangalia akauliza, "Mama, mzee anakula injini?" Hukumsikia. Mimi ndiye niliyecheka, mara ya kwanza tangu Mei, nikaona aibu, kisha sikuona aibu.

Ukatoa mpini mdomoni ukasema, "Zimenyamaza. Zimebana kwa joto. Zima." Nikauliza kama tunaanza kuzipima. Ukasema, "Valvu hazipimwi injini ikiwa moto. Tutakaa mpaka ipoe." Tukakaa. Kaliza alileta ndizi za kuchoma na chai, akakaa nasi kwenye ukingo wa saruji, na wale madereva wawili waliotoka Buyenzi walipojua tunamlilia nani wakaja nao wakakaa, mmoja akisema Gakwaya, marehemu wetu, alimtengenezea baba yake gari la kwanza. Ulisimulia mambo ambayo Baba hakuwahi kutuambia. Jua likazunguka upande wa pili wa lori. Nilikuwa nagusa injini kila mara kwa kiganja, na kusema kweli, ilipopoa sikukuambia mara moja.

Ulipima mwenyewe, nami nikishika tochi. Hukutaka fila ya kumi. Ulisema, "Nipe kumi na tano. Nipe thelathini." Ulipomaliza nikawasha, zikaanza kulia, tik tik tik, kama cherehani. Ulirudishia bisibisi kwenye sanduku lake, ukafuta mikono, ukasema neno ambalo sikutarajia kulisikia, na ukalisema kwa sauti ndogo mno kwa mtu kiziwi.

Sasa kuhusu safari ya kurudi. Milima yote hadi Kibungo gari limeipanda bila kupungua nguvu. Mshale wa joto haukupita katikati. Breki zinashika sawa pande zote. Oili imepungua kidogo sana. Kelele ilikuwepo njia nzima.

Sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilikata kwenda Rusororo, nikafika bado kuna mwanga. Gari haliruhusiwi kuingia kati ya makaburi, kwa hiyo nililiacha kwenye ukingo wa njia, mlango wazi, injini inawaka, ili alisikie. Nikatembea hadi kwake. Nikamwambia, "Baba, Eustache anasema ulikuwa sahihi."

Na hili sikulitunga.

Mwanao,
Vestine